Jino la mjusi wa kale: jinsi linavyomtaja mwenyewe, na kwa nini lisivuke mpaka

Na Mwandishi Wetu

Mnunuzi mzoefu wa mbuzi hapotezi muda kumuuliza muuzaji mnyama ana umri gani. Humshika taya, akaufunua mdomo wa chini, akahesabu. Mbuzi ana meno manane ya mbele, yote katika taya ya chini. Juu hana kitu, ni ufizi mgumu tu. Yakionekana meno mawili makubwa katikati ya yale madogo ya utotoni, mnunuzi anajua mnyama ametimiza mwaka na miezi kidogo. Yakiwa makubwa yote manane, mbuzi huyo amekaribia miaka minne au ameipita. Muuzaji aseme atakavyo, jino limekwisha sema.

Wako watu wanaofanya kazi inayofanana na hiyo kwa mnyama ambaye hakuna binadamu aliyepata kumwona akiwa hai. Hao ni watafiti wa dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale ambao wenzetu wa Tanzania wanawajua kwa sababu ya mifupa ya Tendaguru, mkoani Lindi. Mtafiti anapewa jino moja lililogeuka jiwe, refu kama kidole au dogo kama punje ya mchele, naye anatakiwa aseme ni la nani, alikula nini, na alikuwa wa ukoo gani.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu katika safari zangu za mpakani nimesikia zaidi ya mara moja habari za "meno ya mjusi wa kale" yanayotafutiwa wateja. Ndugu zetu wanaopitisha dagaa, mitumba na mchele ndio wanaofuatwa na bidhaa hiyo. Ni vema wajue jino la namna hiyo linatambulikaje hasa, na linapoteza nini likishang'olewa mahali lilipolala.

Kwa nini meno ni mengi kuliko vichwa

Sisi binadamu tunaota meno mara mbili tu maishani. Dinosaria walao nyama hawakuwa hivyo. Jino lilipochakaa au kuvunjika liling'oka, na chini yake lingine lilikuwa tayari. Kazi hiyo iliendelea tangu mnyama alipotoka katika yai mpaka siku ya kufa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitoa hesabu ya kushangaza. Majungasaurus, dinosaria mla nyama aliyeishi Madagascar, alibadili kila jino kwa wastani wa siku 56, yaani chini ya miezi miwili. Allosaurus na Ceratosaurus, walioishi Marekani zamani zaidi, walichukua siku mia moja na kitu. Watafiti walijuaje? Ndani ya jino mna mistari myembamba, kila mmoja ukiwa ni wa siku moja ya ukuaji, kama zilivyo pete za mwaka katika gogo la mti. Walilikata jino, wakaihesabu mistari yake kwa darubini, kisha wakailinganisha na ile ya jino changa lililokuwa likiota chini yake.

Basi fikiri mwenyewe, ndugu msomaji. Mnyama mmoja mwenye meno kadhaa kadhaa katika kila taya, anayabadili mfululizo kwa miaka. Meno aliyoyaangusha njiani, mtoni na juu ya mizoga ni mengi mno. Aidha, jino lina gamba gumu la nje linalostahimili maji na mchanga kuliko mfupa. Ndiyo maana mahali ambapo watafiti hawajapata fuvu hata moja la mla nyama, meno yake wanaweza kuyapata.

Hatua kwa hatua

Swali la kwanza ni kama mwenye jino alikula nyama. Jino la dinosaria mla nyama, kwa kawaida, lina umbo la kisu kilichopinda kuelekea nyuma. Limebanwa ubavuni, na katika makali yake, mbele na nyuma, mna vijino vidogo vilivyopangana kama vya msumeno. Vijino hivyo ndivyo vilivyosaidia kukata nyama. Wala majani wana meno ya namna nyingine. Lile jitu la Tendaguru lenye shingo ndefu, Giraffatitan, lilikuwa na meno mithili ya patasi ya kuchuma matawi. Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni, alikuwa na vijino vidogo kama jani.

Swali la pili ni kama kweli ni dinosaria. Jino la mamba ni la mviringo kama ncha ya mkuki, na lile la mamba wa siku hizi halina vijino vya msumeno. Jino la papa linaweza kuwa na vijino, lakini ni bapa, na mzizi wake ni mpana, mara nyingi wenye matawi mawili. Dinosaria aliota jino lake ndani ya tundu la taya. Hapo pia pana siri: jino lililong'oka lenyewe wakati wa uhai huwa halina mzizi, kwa sababu mwili uliumumunya mzizi kabla jino halijaanguka. Likipatikana na mzizi mrefu mzima, kuna uwezekano mkubwa lilitoka katika taya la mnyama aliyekwisha kufa.

Swali la tatu ni mahali lilipokaa mdomoni. Kama vile meno ya mbele ya binadamu yasivyofanana na magego, dinosaria mmoja alikuwa na meno ya sura tofauti. Katika koo nyingi, ukiyakata ya mbele kabisa kama unavyokata muhogo, unaona upande mmoja ni bapa na mwingine umevimba. Ya pembeni ni membamba kama kisu. Mtu asiyejua hilo atayaona meno mawili ya mnyama mmoja akadai ni wanyama wawili.

Baada ya hapo ndipo vinapokuja vipimo. Mtafiti anapima urefu wa jino, upana na unene wa kitako chake, halafu chini ya darubini anahesabu ni vijino vingapi vimo katika milimita tano za makali, mbele na nyuma. Anatazama kama vijino ni vya mraba au vimepinda kama ndoana, na kama gamba la nje ni laini au lina mistari. Kisha analinganisha namba zake na za meno ambayo bado yamo ndani ya taya zinazojulikana. Hiyo ndiyo mizani yenyewe. Bila taya za kulinganishia, jino halina pa kupimiwa.

Tendaguru: jino lililosubiri droo ya Berlin

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alionyeshwa mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi ya jembe na sururu ilifanywa na Waafrika, mamia kwa mamia, na msimamizi wao aliyejulikana sana ni Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mizigo kichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani.

Wala majani walipatikana wengi, baadhi wakiwa na sehemu kubwa ya mifupa yao. Wala nyama walikuwa adimu: mifupa michache, vipande vipande, na meno yaliyotawanyika. Hata Elaphrosaurus, ambaye mifupa yake mingi ilipatikana, hana fuvu mpaka leo. Kwa hiyo Janensch alipoandika juu ya wala nyama wa Tendaguru mwaka 1920 na 1925, alilazimika kutegemea meno kwa kiasi kikubwa. Jino moja kubwa alilipa jina la Megalosaurus ingens. Mengine yenye mistari upande wa ndani aliyaita Labrosaurus stechowi. Megalosaurus alikuwa mnyama wa Uingereza, aliyepewa jina mwaka 1824, na enzi hizo karibu kila jino kubwa la mla nyama lilitupwa katika kapu lake. Leo hakuna anayeamini kwamba mnyama wa Lindi alikuwa Megalosaurus wa Uingereza.

Miongoni mwa meno aliyoyaweka Janensch katika Labrosaurus kulikuwa na moja lenye tabia ya peke yake. Lilikaa Berlin, likapita vita viwili vikuu, likapita kugawanywa kwa Ujerumani na kuunganishwa tena. Mwaka 2012 mtafiti Mfaransa, Eric Buffetaut, alilipa jina jipya: Ostafrikasaurus crassiserratus. Kwa maoni yake lilikuwa la ukoo wa Spinosaurus, wale dinosaria wenye pua ndefu kama ya mamba waliopenda samaki. Katika ukoo huo meno huwa ya mviringo, yenye mistari, na vijino vidogo sana au visivyokuwepo kabisa. Baryonyx wa Uingereza ana vijino kama saba katika milimita moja. Hili la Tendaguru lina viwili hadi vinne, vikubwa na vya kuparuza. Buffetaut alisema hapo ndipo panapoonekana mwanzo wa ukoo huo, miaka kama milioni 150 iliyopita, kabla meno yake hayajalainika kwa kazi ya uvuvi.

Si watafiti wote wanaokubali. Wako wanaosema linaweza kuwa jino la mnyama wa jamii ya Ceratosaurus, ambaye naye ana mistari katika meno ya mbele. Hoja inaendelea. Lakini pande zote mbili zinaweza kubishana kwa sababu moja tu: waliochimba waliandika shimo na tabaka ambamo jino lilitoka. Ingekuwa liliokotwa na kutiwa mfukoni bila maandishi, hata umri wake lingeuficha, na ubishi ungekwisha kabla ya kuanza.

Jina lenyewe linatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Ostafrika kwa Kijerumani ni Afrika Mashariki, na koloni lililobeba jina hilo lilijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Mpagazi wa Lindi wa mwaka 1909 na mkulima wa Kigali au wa Usumbura walikuwa chini ya bendera moja. Mnyama aliyeitwa kwa jina hilo aliishi muda mrefu mno kabla ya mipaka yote tunayoivuka leo.

Madagascar: miaka mia ya kumtafuta mwenye jino

Ng'ambo ya bahari kuna kisa kinachoonyesha nguvu ya jino na pia mwisho wake. Mwaka 1896 Mfaransa Charles Depéret alieleza meno na mifupa michache iliyotoka kaskazini-magharibi mwa Madagascar. Aliona vijino vingi katika makali, akampa mnyama jina la Megalosaurus crenatissimus, neno la pili likimaanisha mwenye vijino tele. Mwaka 1955 René Lavocat alipata kipande cha taya chenye kuonyesha kwamba mnyama huyo ni wa peke yake, akamwita Majungasaurus. Hata hivyo sura yake haikujulikana. Mwaka 1979 kipande cha fuvu lake chenye nundu kilidhaniwa kuwa cha dinosaria mla majani mwenye kichwa kigumu. Mwaka 1996 ndipo fuvu lililohifadhika vizuri lilipopatikana, likiwa na meno yale yale na nundu ile ile. Tangu meno yalipoelezwa mpaka mwenyewe alipoonekana uso, ilikuwa imepita miaka mia kamili.

Baada ya hapo meno yalitoa ushahidi ambao ungefaa mahakamani. Baadhi ya mifupa ya Majungasaurus ilikuwa na mikwaruzo ya meno. Mwaka 2003 watafiti walipima nafasi kati ya mikwaruzo na nafasi kati ya vijino vya msumeno. Zililingana na za Majungasaurus mwenyewe. Mla nyama mwingine waliyemlinganisha, Masiakasaurus, alikuwa mdogo mno kuweza kuacha alama zile, na za mamba hazikuoana. Hitimisho likawa kwamba Majungasaurus alikula mzoga wa Majungasaurus mwenzake. Kama alimuua au alimkuta amekwisha kufa, jino halisemi.

Biashara ya Rusumo

Sasa turudi kwetu. Katika mpaka wa Rusumo, mfanyabiashara mmoja wa mchele aliniita pembeni akanifungulia karatasi. Ndani kulikuwa na kitu cheupe cha urefu wa kidole. Aliambiwa na mtu wa upande wa Ziwa Tanganyika kwamba ni jino la dinosaria, na kwamba kuna mzungu atakayelipa dola. Bei aliyotakiwa kutoa ilikuwa sawa na mbuzi wawili, na muuzaji alikuwa anasubiri jibu kabla ya jua kutua.

"Bwana mwandishi, wewe umesoma. Hiki ni mali au si mali?" aliniuliza.

Tulikitazama pamoja kwenye mwanga wa jua. Kilikuwa cha mviringo kama ncha ya mkuki. Alipitisha ukucha kwenye ukingo, haukukwama popote: hakuna vijino. Kitako kilikuwa wazi, kama kikombe. Kilikuwa chepesi na cheupe, wakati jino lililokaa ardhini mamilioni ya miaka huwa limejaa madini na kuwa zito, mara nyingi kwa rangi ya kahawia au nyeusi. Lilikuwa jino la mamba, tena la miaka ya karibuni. Nilimkumbusha pia kwamba viungo vya wanyamapori haviuzwi kiholela, na kwamba forodhani angeweza kuulizwa maswali magumu. Alikifunga karatasi yake, akamrudishia mwenyewe, fedha ya mbuzi wake ikabaki mfukoni.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji hata kuliona jino: uliza limechimbwa wapi. Miamba mingi ya vilima vya Rwanda na Burundi, ile ile inayotoa bati na koltani, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Dinosaria wa kwanza walitokea miaka kama milioni 230 iliyopita. Wachimbaji wetu wanapasua mawe yaliyokuwa makongwe kabla mjusi yeyote hajakanyaga nchi kavu. Mtu akikuambia amelitoa jino la dinosaria katika mgodi wa bati, mwache aende zake.

Miamba ya umri unaofaa iko kwa majirani. Mbali na Tendaguru, iko kusini-magharibi mwa Tanzania, upande wa Songwe na Ziwa Rukwa, ambako alitoka mla majani aliyepewa mwaka 2019 jina la Kiswahili, Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu baadhi ya mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Iko pia Karonga nchini Malawi, si mbali na mpaka wa Kasumulu, na kaskazini mwa Kenya katika milima ya Lapurr, magharibi mwa Ziwa Turkana. Wanaopita njia hizo ndio wanaoweza kukutana na kitu cha kweli. Na hapo ndipo hatari inapoongezeka.

Sheria na hasara isiyoonekana

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Mabaki ya viumbe wa kale yanalindwa humo. Kuyachimba au kuyatoa nje ya nchi kunataka kibali, na mfanyabiashara mwenye stakabadhi za mchele hana kibali hicho. Anayeshikwa na jino la kweli ana shida kubwa kuliko aliyetapeliwa kwa jino la mamba.

Lakini hasara ya pili huipati polisi wala forodhani. Nchini Morocco meno ya dinosaria yameuzwa kwa watalii na wakusanyaji kwa miaka mingi. Mengine yameunganishwa kwa gundi kutoka vipande vya meno tofauti. Mtafiti akiletewa jino la namna hiyo, anaweza kupima na kuhesabu vijino, lakini hawezi kuuliza lilikuwa tabaka gani, lilikuwa na nani jirani, mtoni au nchi kavu. Kinyume chake, huko huko Morocco, meno zaidi ya 1,200 yaliyokusanywa kwa utaratibu katika mto mmoja wa kale yalionyesha kwamba karibu nusu ni ya Spinosaurus. Hesabu hiyo iliongeza nguvu hoja kwamba mnyama huyo alishinda majini. Jino moja dukani lisingeweza kusema hivyo kamwe.

Sisi tuliorejea kutoka ugenini tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Mtu akiulizwa kwao, anataja kilima, anataja ukoo, anataja majirani. Asiyekuwa na wa kumtaja hupata taabu kujulikana hata akiwa na uso wa babu yake. Mjadala wa mifupa ya Tendaguru iliyoko Berlin umefika mara kadhaa mpaka bunge la Tanzania, na kila upande una hoja zake. Angalau mifupa ile inajulikana ilitoka shimo gani. Lile linalouzwa kwa karatasi mpakani halitakuwa na mahali pa kurejeshwa, kwa sababu hakuna ajuaye lilikotoka.

Kwa hiyo, msafiri, ukikuta jiwe lenye umbo la kisu kilichopinda na makali ya msumeno, liache papo hapo. Weka alama mahali hapo, piga picha kama simu yako inaweza, kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji au makumbusho iliyo karibu. Huenda usilipwe shilingi. Lakini jino hilo litakuwa na kilima chake, na atakayekuja kulihesabu vijino baada ya miaka mia atajua aanzie wapi.